Mtu Aliyeniona Kwenye Simu

Wakati huo nilikuwa nashonea barazani pale Msasani, si ile ya pwani bali ya mji wetu mdogo wa milimani, cherehani yangu imetazama barabara. Simu yangu ilikuwa kitochi cha vitufe, na namba yake nilimpa yeyote aliyeniletea kitambaa. Fundi asiyepatikana hana wateja.

Simu ya kwanza iliingia asubuhi moja ya mvua. Alikuwa mwanaume, ananong'ona kama mtu aliyekaukiwa na koo.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, karibu. Unataka kushona nini?"

Aliuliza jina langu, nikamtajia. Aliuliza kama naishi na mume, nikamwambia mume wangu alishafariki. Nilimjibu yote kwa adabu, kama ambavyo ningemjibu mgeni aliyebisha hodi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba simu si mlango, na kwamba sikulazimika kufungua.

Baada ya wiki moja akawa anapiga mara nane, mara kumi kwa siku. Nisipopokea, anatuma meseji. Nakumbuka moja: "Kitenge cha njano kimekukaa." Niliisoma mara mbili, kisha nikajitazama. Nilikuwa nimevaa kitenge cha njano.

Tangu siku ile sikuweza kuinua kichwa kwenye cherehani. Kila mwanaume aliyepita na mwavuli nilidhani ni yeye. Nikienda chooni, naenda na mkasi. Nyumbani nilifunga madirisha hata mchana, tukakaa na moshi wa jiko humo ndani, mimi na binti yangu, naye ananiuliza, "Mama, tunamficha nani?"

Ungeniambia nizime simu. Lakini mama yangu alikuwa kijijini Suma, huko juu mlimani, peke yake, ana presha, na hajui kusoma. Namba yangu aliijua kwa kidole tu: anaanzia hapa, anashuka pale, anarudi kati. Siku moja niliizika simu chini ya mabaki ya vitambaa nisiisikie. Jioni nikakuta mama amepiga mara sita. Alikuwa ameanguka njiani akitoka kukata majani ya ng'ombe, akakaa kwenye matope mpaka jirani alipopita.

"Nilikupigia, mwanangu," aliniambia kesho yake nilipofika, bila kulaumu. "Nikasema labda kidole kimesahau."

Nilirudi mjini nimeamua kubadili laini. Kibanda cha wakala wa simu kilikuwa mkono wa kulia wa baraza letu, hatua kama ishirini. Kijana mcheshi, ana mke na mtoto mchanga, kila asubuhi ananisalimia, "Shikamoo, dada fundi." Nilimweleza nasumbuliwa na mtu.

"Pole sana, dada," alisema. "Watu wengine hawana utu. Weka kidole hapa."

Nikaweka dole gumba, akanisajilia laini mpya. Siku iliyofuata nilipanda tena Suma, nikashinda nimeketi na mama jikoni, nikiongoza kidole chake juu ya vitufe mpaka kikazoea njia mpya. Alipofanikiwa kunipigia na simu ikalia mkononi mwangu, alicheka, akasema, "Ndaga!", asante ya kwetu, kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia wema.

Namba ile sikumpa mtu mwingine. Hata mwenzangu wa barazani, mama aliyekuwa akiuza vitenge, hakuwa nayo.

Siku ya tatu simu ililia. Nilijua si mama, namba yake naijua. Nikapokea.

"Ulidhani utanikimbia?" Ule ule mnong'ono.

Nilibaki nimeishika simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Namba hii waliijua watu wawili tu, mama na aliyenisajilia. Niligeuza shingo taratibu kuelekea kibandani. Alikuwa ameinama, anamhesabia mteja chenji. Akaniona, akanipungia mkono.

Nilimwambia mama wa vitenge kila kitu. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alijitanda ushungi vizuri, akachukua namba iliyokuwa ikinisumbua, akaenda dirishani kwa wakala kama mtu anayetaka vocha. Simu yake mwenyewe aliishika chini ya khanga, akabonyeza. Kitu kikaanza kutetemeka ndani ya droo ya kijana yule.

"Pokea basi," akamwambia. "Mimi ndiye ninayepiga."

"Nilikuwa namtania tu dada fundi," alisema. Alisema hivyo hivyo polisi, kwenye dawati la jinsia, mbele ya meseji zote ambazo, nashukuru, sikuzifuta. Askari wa kike alizisoma moja moja kwa sauti, na nilitamani sakafu inimeze.

Wiki hiyo mke wake alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Alipiga magoti. "Futa kesi, dada yangu. Tutakula nini?" Nilimwinua, nikampa kiti na chai, nikalia naye. Kesi sikuifuta. Kibanda kilifungwa, wakahama, na sijui walikoelekea.

Bado nashona. Simu ikilia kwa namba ngeni naiacha ilie mpaka inyamaze, nasubiri mtu ajitambulishe kwa meseji. Mwezi uliopita nilipoteza kazi ya sare za kwaya kwa sababu hiyo. Mwenyekiti wao alikuja mwenyewe kunilalamikia: "Fundi, mbona hupokei simu?" Nilimwomba radhi. Sababu sikuweza kumwambia.