Wiski ya Kutemewa Baba

Kwetu, ndugu wawili waliokosana hawapatani kwa maneno. Wanakalishwa, kinaletwa kinywaji cha nafaka, na yule mkubwa anapiga funda moja na kulishika mdomoni. Akilimeza, ameshukuru kinywaji tu, ugomvi unabaki pale pale. Akimtemea mdogo wake kifuani, hiyo ni baraka, na hakuna tena wa kuyafukua. Ndivyo nilivyowakuta wazee wa ukoo wetu wakifanya, na kuokoka kwetu hakujaliondoa hilo.

Baba yangu alikuwa akilisubiri funda hilo tangu alipomzika bibi, mama yao, huko Mugango, alikokuwa akiishi naye, badala ya Butiama kando ya mumewe. Kaka yake, baba yangu mkubwa, hakumsemesha tena. Tumeoa na kuolewa bila yeye. Mwaka jana baba alilazwa, akatoka amekonda, na jambo pekee alilotaka ni kukaa na kaka yake kabla mmoja wao hajaondoka. Baba mkubwa akatuma neno: aje, na aje na kinywaji.

Zamani ingepikwa pombe ya ulezi. Siku hizi nani apike, wakati nusu ya ukoo ni wanakwaya na nusu nyingine ni wazee wa kanisa? Ikakubalika kwamba chupa ya dukani inafaa, mradi iwe ya nafaka, na wote wakanigeukia mimi. Mimi, binti yake, nauza vitenge Bunda, na ukoo mzima unajua kwamba kabatini kwangu hakukosi chupa ya wiski. Huwa wananisema sana kwa hilo. Siku hiyo hakuna aliyenisema.

Nilianza Musoma mjini. Nina masharti yangu, na muuzaji asiyeyapenda abaki na chupa zake. Nakagua muhuri kwanza, kisha naiinua chupa kwenye mwanga nione kama rangi imetulia, halafu nasoma karatasi yake yote, hata maandishi madogo: imetoka nafaka gani, imelala kwenye pipa muda gani. Pale nilipewa chupa ndani ya boksi la dhahabu, nzuri kwelikweli, isipokuwa muhuri wake ulikuwa umebandikwa kwa gundi. Nilimrudishia mwenyewe nikaondoka bila kuaga.

Niliyoitaka niliipata Bunda, karibu na soko langu mwenyewe. Ilikuwa wiski ya Marekani, ile inayoitwa bourbon, ambayo sehemu yake kubwa ni mahindi. Nilishawahi kuionja kwenye harusi moja na sikuisahau. Mahindi yale yale tunayopikia makande yanachachushwa, yanakenekwa, yaani yanachemshwa na mvuke wake kukingwa, kisha kinywaji kinalazwa miaka kwenye pipa la mti mgumu lililochomwa ndani, na kinatoka na rangi ya chai ya rangi. Kila nikilifikiria hilo nashangaa upya. Nani alikuwa wa kwanza kuwa na subira hiyo?

Nilimpitia baba Mugango. Njiani aliipakata chupa, akaniuliza kama ni tamu.

"Baba, hiyo haina mfano."

Akaigeuza chupa mapajani. "Mama, ungechukua mbaya. Kaka yangu anapendaga vitu vizuri. Hii ataimeza."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Akasema tusimame popote tununue ile kali ya bei ndogo, na nikajua ana haki ya kuogopa. Lakini damu ilinipanda. Nikamwambia hatatemewa takataka, nikiwa hai. Kisha nikaendesha mpaka Butiama bila kusimama dukani.

Baba mkubwa alikuwa sebuleni na wazee wenzake.

"Shikamoo, kaka," baba alisema.

"Marahaba. Kaa."

Nilivunja muhuri, nikamimina kwenye kikombe cha bati. Harufu ikasambaa chumba kizima: sukari iliyoungua, na kwa chini yake uji wa mahindi ulioshika sufuria. Wazee wakageuza shingo. Baba mkubwa akapiga funda, akafumba macho.

Nilijua kinachotokea mdomoni mwake. Utamu unatangulia, kisha joto linapanda taratibu kwenye mashavu, kisha harufu inarudi kupitia puani na kuomba imezwe. Yote niliyaona yakipita usoni kwake. Koo lake likacheza. Baba akainamisha kichwa, na mimi nikaichukia chupa ile kwa moyo wangu wote.

Baba mkubwa akafumbua macho. Akainuka, akamfungua mdogo wake vifungo viwili vya shati kwa mkono wake mwenyewe, akamtemea kifuani, funda lote.

Matone yaling'aa kwenye mbavu za baba zilizokonda, na mimi nilipigwa na butwaa, nimeshika chupa kwa mikono miwili kama inayoweza kunitoroka. Nimeingia ibada nyingi maishani. Sijawahi kuogopa utukufu kama nilivyouogopa pale.

"Ndugu yangu," baba mkubwa alisema akijifuta midomo, "hii kitu ilikuwa inataka kushuka yenyewe."

Wakacheka mpaka wakapaliwa. Kilichofuata walikinywa wote wawili, kikombe kimoja, polepole. Baba mkubwa akaniuliza imetengenezwa na nini.

"Mahindi, baba."

"Mahindi haya haya?" Akaangalia ndani ya kikombe kwa muda mrefu.

Tuliporudi, gari lote lilinukia wiski. Nilimpa baba sweta langu avae, avue shati lililolowa, akakataa. Nikamtania kwamba ningeusikiliza ushauri wake, sasa hivi angekuwa ananukia pombe ya bei ndogo.

Hakucheka. Alivuta kola mpaka puani, akainusa.

"Mbaya mtu yeyote anatemaga," alisema. "Hii aliitaka, akanipa mimi."