Mikono Ubavuni

Kabichi ikichemshwa pamoja na viazi, bila kitunguu, bila mafuta, hutoa harufu ya nguo zilizoanikwa zikanyeshewa. Hadi leo nikiisikia, hasira hunipanda kabla sijakumbuka kwa nini. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba ya Madamu Nora kule Kibenga, karibu na ziwa, ambako kila Jumamosi mchana sisi wasichana sita tulishuka kwa miguu kutoka Musaga kwenda kufundishwa ngoma ya Waayalandi. Madamu Nora alikuwa Mwayalandi mwenye nywele nyekundu na miguu myepesi, aliyeletwa Bujumbura na kazi ya misaada. Mpishi wake alikuwa Mama Zawadi, mwanamke wa Uvira, Kongo, tuliyekaa naye ua mmoja, na ndiye aliyetutafutia nafasi kwa Madamu. Aliipika kabichi ile huku amekunja pua, akasema Mungu amsamehe. Bintiye, Zawadi, alikuwa rika langu, miaka kumi na mmoja, na tulikuwa chanda na pete. Nasema tulikuwa.

Madamu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana ningependa kuwa na mtu mbaya wa kumtupia lawama. Alitupa biskuti, alijua majina yetu yote, na alipenda kutuonyesha albamu yake ya picha. Kila mji aliokaa, alihakikisha tarehe kumi na saba Machi haipiti bila sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, mtakatifu wa nchi yao. Tuliona mji wa Amerika ambako mto mzima ulitiwa rangi ya kijani, tukabishana kama samaki wake bado wanalika. Tuliona Nairobi, ambako walikuwa watu saba tu kwenye bustani ndogo, wamevaa kofia za kijani na kucheka kama wendawazimu. Mwaka ule ilikuwa zamu ya Bujumbura. Na angekuja mgeni, bwana mmoja wa mji wa Cork anayesimamia maandamano ya sikukuu kule kwao. Bwana huyo angechagua msichana mmoja kati yetu, aende kwao mwaka unaofuata, aandamane nao, na kama mambo yangekwenda vizuri apatiwe shule. Habari kama hiyo haikupata usingizi Musaga. Mama yangu alianza kuniita Mwayalandi mbele ya majirani, nami nilijifanya naona haya.

Ngoma yenyewe ilikuwa ya miguu tu. Fundi viatu wa mtaani alitupigilia vizibo vya soda kwenye soli za viatu vyetu ili vilie juu ya mbao alizozitandaza Madamu kibarazani, na sisi tulikuwa hodari wa kuviliza. Taabu ilikuwa mikono. Kwetu mtu huanza kucheza kwa mikono: huiinua, huifungua kama pembe za ng'ombe, shingo ikafuata, mabega yakafuata, miguu ikaja mwisho kama wasindikizaji. Kwao mikono hufa. Inanyooka ubavuni, na mchezaji anatazama mbele kana kwamba miguu inayoruka ni ya mtu mwingine. Sisi kila muziki ulipopamba moto, mikono ilipanda yenyewe. Basi Madamu akaleta utepe wa kijani, akatufunga viganja kwenye mishipi ya sketi zetu, taratibu, huku akicheka, na sisi tukicheka. Alikuwa amejifunza Kiswahili Nairobi. "Mikono lazima isahau," alisema. Baada ya Krismasi akaongeza sharti: hadi siku ya sikukuu, tusicheze ngoma nyingine yoyote, mahali popote. Kufikia hapo kila mtu alikwisha kuona kwamba nafasi ya Cork ilikuwa kati yangu na Zawadi.

Mwezi wa pili dada yangu Josiane aliolewa. Josiane ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenifundisha kuinua mikono, mimi nikiwa sijajua hata kutamka jina langu vizuri. Wanawake walipoanza kupiga makofi na kuimba, alikuja na vazi lake la harusi hadi kwenye kiti changu akaninyoshea mkono. Sikusimama. Nilibana viganja mapajani nikatazama mbele, kama nilivyofundishwa. Mama akainama sikioni pangu. "We mutoto," alisema, "hata ku mariaje ya dada yako?" Nikamwambia Madamu amekataza. Josiane alisimama pale kwa muda, mkono wake ukiwa bado umenyooka, mpaka Zawadi alipoinuka upande wa pili akaushika. Akacheza na dada yangu mahali pangu, mikono juu, uso unang'aa, na watu wakamtunza kwa vigelegele. Mwacha mila ni mtumwa, alisema shangazi mmoja kwa sauti ya kutosha nimsikie. Sikuona aibu. Niliona nafasi.

Jumamosi iliyofuata niliwahi kufika Kibenga kabla ya wenzangu, nikamwambia Madamu kwamba Zawadi amevunja sharti. Sikuulizwa, nilisema mwenyewe, kwa Kiswahili cha polepole, na nikayasema maneno mara mbili ili yaeleweke. Madamu alisikitika, lakini sharti lilikuwa sharti. Zawadi akaondolewa kwenye ngoma, akaambiwa siku ya sikukuu aje atazame tu. Tulirudi Musaga pamoja, tukipanda kilima, yeye analia na mimi namfariji. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile nguoni mwa Zawadi nilikuwa mimi.

Sikukuu ilifika. Mvua ya asubuhi iliacha bustani inanukia udongo, na maputo ya kijani yalining'inia hadi ukutani. Wazungu wa mashirika walikuja, na wafanyabiashara Waarabu wa mjini na wake zao, na mama zetu katika vitenge vyao vya Jumapili. Yule bwana wa Cork alikuwa mnene, mpole, amevaa tai ya kijani. Tulicheza. Nasema bila majivuno, maana sina cha kujivunia: nilicheza bila kosa. Vizibo vililia kama mvua kwenye bati, na mikono yangu haikutikisika hata kidogo. Watu walipiga makofi ya adabu. Bwana yule akamnong'oneza Madamu, naye akatugeukia, uso umemwiva. "Anasema wasichana wa namna hii kwao wapo wengi sana," alisema. "Anauliza, ngoma yenu wenyewe iko wapi?"

Kisha mama yangu, ili kuniokoa, akaanza kupiga makofi na kuimba, Mama Zawadi akamwitikia, na mimi nikainua mikono. Ilikwenda juu, lakini haikufunguka. Miezi yote ile mikono ilikuwa imesikia na kutii, na sasa ilisimama hewani kama ya mtu anayeomba asipigwe risasi. Nikaona mama anapunguza sauti. Hapo Zawadi akainuka kwenye majani alikokuwa ameketi, hakuitwa na mtu, akaingia katikati. Siwezi kusema alicheza vibaya. Ningetamani kusema hivyo. Bwana wa Cork aliweka glasi chini. Na mama yangu mzazi, aliyeanza wimbo kwa ajili yangu, sauti yake ikapanda tena, macho yakamng'aa, akamwimbia Zawadi hadi mwisho. Bwana yule hakuhitaji muda wa kufikiri. Mchimba shimo huingia mwenyewe. Lakini mimi nililiingia nimevaa sketi ya kijani, mbele ya mama yangu.

Zawadi alikwenda, akapata shule, akabaki huko. Mimi nafundisha darasa la tatu Gihosha. Nyumba ile ya Kibenga ziwa lilipopanda liliichukua, na sasa maji yamefika madirishani. Kila Machi Zawadi hunitumia video: maandamano ya Cork, na mwaka mwingine ya Dublin, na katikati ya kofia za kijani kundi la Warundi na Wakongo, mikono juu, yeye mbele. Nami humjibu kwamba wamependeza. Kwa miaka yote nilimchukia kwa kuchukua mahali pangu, na nilijichukia kwa kumchongea, na chuki hizo mbili ziliishi pamoja vizuri tu. Josiane mpaka leo, akinialika kwenye harusi za wanawe, huongeza: ukipenda kuja.

Mwaka jana Zawadi alikuja likizo. Nilimpikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, na ugali, tukala mezani kwangu, sisi wawili tu, na niliapa moyoni kwamba leo nitamwambia. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia alipotangulia yeye, bila kuinua macho kwenye sahani. "Mi nilijuaka," alisema. "Ni we ulinisema kwa Madamu. Alinambiaka tukiwa mu ndege."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu miaka yote hii.

"Ningesema nini? Nilikuwa nimeshafika." Akatoa mwiba mdogo ulimini. "Tulikuwa batoto. Uko na ndimu?"

Nilikuwa nimejiandalia matusi yake tangu utotoni, na majibu yake nayo. Machozi yangenitosha, hata kofi ningelipokea. Lakini hakuwa amekasirika, wala hakuwa anajikaza asikasirike; kwake jambo lile lilikuwa dogo, limepita, kama mvua iliyomnyeshea siku moja njiani akienda mahali pazuri. Iliniuma kuliko kushindwa kwenyewe. Nikaenda jikoni, nikachukua muda mrefu kuliko uliohitajika, nikamletea ndimu.