Flopi Zilizohifadhiwa kwa Majivu

Mama yangu alihifadhi flopi mbili kwa namna anavyohifadhi kunde za mbegu. Alizilaza ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akazifunika kwa majivu yaliyochekechwa vizuri, akafunga kifuniko, kisha akauweka mkebe kwenye dari ya jikoni juu ya mafiga, mahali ambapo moshi haumruhusu mdudu kukaa. Upande wetu wa Siakago, kitu unachotaka kije kikufae baadaye hukaa kwenye majivu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba flopi si kunde, na mimi ambaye ningemwambia sikujua kwamba mkebe huo upo.

Flopi zilikuwa za kaka yangu, kifungua mimba wa mama. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha kwenye chuo cha ufundi alimwachia kompyuta ya nyumbani alipokuwa anarudi kwao. Haikufanana na kompyuta za ofisini. Ilikuwa kibodi moja nene yenye ubongo wote tumboni, unaichomeka kwenye televisheni, nayo televisheni inakuwa skrini yake. Draivu, yaani lile sanduku linalosoma flopi, ilikuwa mali ya chuo. Kaka aliiazima, akaitumia, chuo kikaitaka, akairudisha. Kompyuta ikabaki, flopi zikabaki, na pasipo draivu hapakuwa na njia ya kujua ndani yake mna nini.

Kabla ya draivu kurudishwa kulitokea ugomvi ambao kijiji kizima kiliusikia. Mawele yalikuwa yameanza kukomaa, na kwetu mawele hulindwa: mtu hukaa juu ya ulingo kuanzia kunapopambazuka mpaka ndege waende kulala, akiwa na kombeo na mawe yake. Zamu ilikuwa ya kaka. Yeye alikuwa ndani, mbele ya kompyuta, mapazia yameshushwa. Kwelea walitua, wakala, wakaondoka. Mama aliporudi kutoka sokoni akakuta masuke matupu, alimtoa kaka nje na kumwambia mbele ya majirani kwamba kumbe yeye mama alizaa ndege mwingine wa kulishwa. Nilikuwa mdogo lakini sentensi hiyo naikumbuka, maana watu walicheka.

Muda si mrefu baadaye kaka alipata kibarua Nairobi, na asubuhi ya kuondoka aliingia jikoni akampa mama flopi mbili, akamwambia ni zake, azitunze. Kabla ya mvua nyingine kunyesha, gari lililokuwa likimpeleka kazini lilianguka. Tulimzika nyumbani, nyuma ya zizi.

Nimeyaeleza haya kwa kifupi kwa sababu ndivyo yalivyoelezwa nyumbani kwetu. Mama si mtu wa kurudia mambo. Kwa hiyo nilishtuka, mwaka juzi, alipoamua kubomoa jiko la zamani ajengewe la mabati, akaniita kutoka Embu, akaniwekea mkebe mapajani. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya upili. Ninachofundisha hasa ni namna ya kuchora jedwali na kuhesabu wastani wa alama, lakini watu wakisikia neno kompyuta wanadhani mtu anaweza kufufua chochote kilichowahi kuchomekwa kwenye stima.

Nilichomoa flopi moja, nikaipuliza, majivu yakaniingia machoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akinitazama. Ninaitwa jina la mama yake, kama desturi inavyotaka, kwa hiyo tangu nizaliwe hunisemesha kama mtu anayemwomba mzazi wake.

"Mama," aliniambia, "mimi sitaki mambo mengi. Nataka nijue kama mtoto aliondoka na kinyongo."

Nilimwambia huenda ndani mna michezo tu, au hamna kitu. Akasema sawa, hata kama hamna kitu, ajue. Basi jambo likawa hilo, na mimi, ambaye kwa tabia sipendi kazi zenye machozi ndani yake, nikalichukua kama kazi ya kawaida ya kutengeneza kitu kilichoharibika.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, imefungwa kwa leso. Niliifungua kwa bisibisi, nikapangusa vumbi, nikaikausha juani kidogo. Kadi ya kuendeshea draivu ilikuwa bado imo ndani, chuo hakikuidai. Nilipoichomeka kwenye televisheni ya mama, ile yenye kisogo ambayo sasa kazi yake ni kubeba vitambaa vya kroshia, iliwaka, ikatoa mlio mmoja na kuonyesha mraba mdogo unaokonyeza. Kilichokosekana ni draivu.

Draivu za aina hiyo hazipatikani madukani. Niliuliza mafundi wa Embu, wakanitazama kama mtu anayeulizia kwato za punda wa Bwana Yesu. Mwalimu mwenzangu, Mmeru, ndiye aliyekumbuka kwamba Laare palikuwa na chuo cha uchapaji kilichofungwa, na mwenye chuo yupo, sasa anafungasha miraa. Nilienda. Chumba cha kompyuta kilikuwa kimekuwa chumba cha kupakia, sakafu yote majani ya migomba, wanaume kwa wanawake wakifunga mafungu bila kuinua vichwa, pikipiki zikinguruma mlangoni. Mwenye chuo alinipeleka stoo. Alitoa magunia, akatoa viti vitatu vilivyovunjika, akafika kwenye kompyuta za ofisini za zamani zilizorundikwa kama matofali, akanionyesha moja yenye draivu ya aina niliyoitafuta.

"Chukua hiyo kitu, mwalimu," alisema. "Hiyo imekaa hapa ikikula nafasi ya bure. Na hizi flopi za wanafunzi, beba zote. Hakuna mwenye atakuja kuuliza."

Nilirudi na draivu ndani ya kapu, imeviringishwa majani ya migomba kana kwamba nayo ilikuwa inasafirishwa ng'ambo.

Likizo ilipofika nilihamia kwa mama. Niliutandaza utepe wa nyaya juu ya meza ya sebuleni, nikachomeka upande mmoja kwenye kadi na mwingine kwenye draivu, na umeme nikauchukua kutoka kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta ya shule iliyokufa. Haikusoma. Ikawa inaunguruma tu bila kugusa flopi. Kumbe draivu hizi zina kipini kidogo kinachoiambia kila moja kama ni ya kwanza au ya pili katika foleni, na hii ilikuwa imezoea kuwa ya pili. Nilikihamisha kipini. Nikasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, nikatia flopi moja ya wale wanafunzi wa uchapaji, nikaiamuru kompyuta iifute na kuiandaa upya. Ilitii. Nilijisikia vizuri kwa namna ambayo kazi yangu ya kila siku hainipi, na nadhani hapo ndipo nilipoharakisha.

Flopi ya kwanza ya kaka niliipangusa kwa brashi ya rangi, nikaipuliza tena, nikaiingiza. Ilizunguka kidogo, ikalia kama kijiko kinachokwangua sufuria. Nilipoichomoa ilikuwa na mkwaruzo wa duara unaong'aa. Majivu yalikuwa yamejificha ndani ya ganda, na yalikuwa yamekula ile rangi ya kahawia inayobeba kila kitu. Hakuna wa kurudisha hiyo. Mama aliuliza mlio ule ni wa nini, nikamwambia ukweli: moja imekwenda. Alitoka akaenda kumfungulia mbuzi ambaye hakuhitaji kufunguliwa.

Nilisafisha kichwa cha draivu tena, safari hii kwa hasira, nikaanza kusoma kwenye simu yangu mawaidha ya watu wanaotunza mashine za zamani. Wengi walisema jambo moja. Flopi iliyochafuka hukatwa ganda, ile sahani laini iliyo ndani ikatolewa, ikaoshwa kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, ikakaushwa kivulini, kisha ikavishwa ganda la flopi nyingine safi. Niliamini kwa kichwa. Moyo ulikataa, maana tumefundishwa wote kwamba maji na kompyuta ni paka na panya.

Nilimweleza mama. Aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea ndengu.

"Ukimwosha," aliuliza, "si atatoka na maji?"

Hakusema ukiiosha. Nilitaka kumsahihisha nikaona sina sababu. Nilimjibu kwamba wenye kujua wanasema hatoki, ila siwezi kumwahidi, na tukiiacha ilivyo nayo itakwaruzwa kama mwenzake. Nilimwambia pia kwamba kama anataka turudishe mkebe darini tuendelee kutojua, mimi sitamlaumu, na kwa kweli kipande cha nafsi yangu kiliomba achague hivyo. Niliogopa. Nilimwogopa kaka, kijana ambaye sura yake siikumbuki sawasawa, asije akawa ameandika jambo ambalo mwanamke mwenye zaidi ya miaka themanini angelibeba hadi kaburini.

Alisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akaenda mwenyewe kuleta beseni.

Nilikata ganda kwa wembe. Sahani ilitoka, nyepesi, kahawia, ina vumbi la kijivu pande zote mbili. Mama alishika beseni ingawa lilikuwa juu ya meza na halikuhitaji kushikwa. Niliizamisha, nikaipapasa kwa vidole bila kukwaruza, maji yakabadilika rangi, na kila yalipobadilika alichungulia ndani kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Tuliisuuza kwa maji ya mvua. Tuliiweka juu ya kitambaa cheupe cha kroshia, kivulini, mama akakaa karibu kufukuza kuku. Ilipokauka niliivisha ganda la mwanafunzi wa Laare, lililoandikwa kwa kalamu ya wino kwamba ni somo la barua za kibiashara.

Nilimwomba mama akae kwenye kochi. Alikataa, akavuta kigoda mbele kabisa ya televisheni. Nikaingiza flopi, nikafunga mlango wa draivu, nikaandika amri. Ilizunguka. Ilisitasita mahali, ikarudia, ikasitasita tena, na mimi nikajikuta naisukuma kwa maneno ya Kimbeere chetu ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya mzazi. Kisha ikanyamaza na skrini ikawa ya kijani.

Ulikuwa mchezo. Shamba la mawele, mistari ya njano iliyosimama; ulingo wa miti minne; juu ya ulingo, kijana wa vidoti vichache mwenye kombeo. Ndege walitoka kulia, weusi, wawili, kisha wengi. Ukibonyeza kitufe kirefu, jiwe linaruka. Nilimwonyesha mama. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akampata ndege wa kwanza, akaguna kwa kuridhika. Ana shabaha bado. Tulicheza hivyo, naye akanyooka mgongo, na kwa muda nadhani alisahau tulikuwa tunatafuta nini.

Ndege walizidi. Mistari ya njano ilipobaki michache, kutoka upande wa kushoto aliingia mwanamke. Kaka alikuwa amemchora kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote: kilemba chekundu, leso ya bluu yenye pindo, kapu la sokoni mgongoni, mkono mmoja kiunoni. Alisimama chini ya ulingo na spika ikaanza kutoa milio mifupimifupi, ya juu, ya chini, ya juu, bila kupumua. Kijana alishuka, akainamisha kichwa. Mwanamke aliendelea. Aliendelea mpaka nikaanza kucheka, maana ilikuwa sauti yake hasa, ule mwendo wa maneno yake anapokasirika, hata pale anapovuta pumzi ili aanze upya. Nilimgeukia nikamwambia kwamba mtu mwenye kinyongo hawezi kukuchora hivi, mtu huyu alikuwa anakutania. Nililiamini nililosema na ninaliamini hadi sasa.

Mama hakucheka. Aliuliza kama mwanamke huyo anaweza kuja tena. Nikamwambia anakuja ndege wakila sana.

Nilianzisha mchezo upya. Kwelea walitokea, nikangoja mama abonyeze, lakini alikuwa ameuondoa mkono kwenye kibodi na kuuweka mapajani. Yeye, ambaye hata leo huokota punje moja moja sakafuni, alikaa akawatazama wakila mstari wa kwanza, wa pili, wakala shamba zima. Mwanamke wa leso ya bluu akaingia, mkono kiunoni, akaanza kumsema kijana. Mama alisogea mbele hadi pua ikakaribia kioo.

"Basi," alimwambia kwa upole. "Mwache. Mwache mtoto."