Mama Amevunjika Mbavu

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Lakini miaka ile ya tisini, pale nyumbani kwetu Kitale, wasiwasi wangu ulikuwa na sababu.

Mama aliugua mapafu tangu nikiwa shule ya msingi. Moshi wa kuni aliopuliza maisha yake yote, na vumbi la kupura mahindi juu yake, vilimwachia kifua kinachopiga mluzi. Kilichomsaidia ni vidonge fulani vidogo vyeupe. Daktari alimwandikia vya muda mfupi tu, lakini mama alipoona anapumua, akawa anatuma watu dukani, na duka la dawa likawa linauza bila kuuliza. Akavimeza miaka na miaka. Uso ukajaa, ukawa mviringo, na majirani wakitoka kanisani wakamsifu, ati amenona, ati watoto wanamtunza. Hata mimi nilijivuna, bana. Nani angejua kwamba nje ananona na ndani analiwa?

Asubuhi moja alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Akakohoa, kikohozi chake kile kile cha kila siku, nikasikia kitu kikilia ta. Nilidhani ni kuni jikoni. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshika ubavu na hawezi kusema.

Hospitalini walimpiga picha, kisha daktari akaniita kando. Alisema ubavu umevunjika kwa kukohoa tu, na zile nyingine nazo ni dhaifu. Vidonge vile vinafungua kifua, lakini vikimezwa muda mrefu vinakula mifupa. Akanitolea mfano wa mahindi yaliyoingiliwa na fukusi, punje nzima kwa nje, ndani unga. Nikamwambia basi aviache leo leo. Daktari alinikazia macho. Akiviacha ghafla anaweza kufa, alisema, vitapunguzwa pole pole na yeye daktari mwenyewe ndiye atakayepunguza. Mama anywe maziwa, ale omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, na mifupa yake, atembee kidogo juani, na akitaka kukohoa akumbatie mto ubavuni. Lililoninyima usingizi ni la mwisho: ubavu mwingine ukivunjika, ataogopa kukohoa, makohozi yatajaa, na kifua kile hakitahimili.

Basi nikawa askari. Mama haruhusiwi kuinua hata sufuria ya uji. Wageni wanasalimia kwa mkono, hakuna kukumbatiana. Kuku wakipita karibu na miguu yake nawafukuza kwa mawe, wasije wakamwangusha. Mama alinung'unika kwamba namlea kama yai, nikamjibu ndiyo, yai ndilo wewe sasa.

Ndugu zake walikuwa Kabuchai, kijijini huko Bungoma, na ilibidi wajue. Nilienda kwenye kibanda cha simu karibu na posta, nikapiga kwa duka la mjomba Bungoma mjini. Laini ilikuwa inakwaruza. Nikapaza sauti kwamba wawaambie watu wa nyumbani mama amevunjika mbavu, na kabla sijaongeza neno sarafu zikaisha. Nikarudi nyumbani nikiwa nimetua mzigo, kumbe!

Si unajua Kiswahili chetu. Anayevunjika mbavu ni yule anayecheka mpaka basi. Habari ilipofika Kabuchai, ilikuwa kwamba mgonjwa amepona na anacheka. Kina mama wakaomba Mungu wakishukuru, kwa sababu walijua mama alikuwa hana hata pumzi ya kucheka. Na Jumamosi akatokea mama mdogo, mdogo wake mama, jogoo kwapani na tabasamu limejaa uso.

Mama mdogo yule angechekesha hata matanga. Nilikimbia nimzuie langoni, lakini mama alishasikia sauti yake na kumwita. Akaingia na mkono umeinuliwa kukumbatia, nikajiweka katikati yao. Mama akamuuliza ni nini anachosherehekea.

"Si walitwambia umevunjika mbavu," akasema. "Nikaona siwezi achwa nyuma, nije tucheke pamoja."

Mama akaniangalia mimi, akamwangalia jogoo, midomo ikaanza kumtetemeka.

"Mama, usicheke," nikasema. "Tafadhali."

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Alicheka. Nilirukia mto nikamkandamiza nao ubavuni, na yeye anacheka huku machozi ya maumivu yanamtoka, kifua kinapiga mluzi. Nilihisi hasira na woga. Nikamwambia mama mdogo ukweli kwa ukali, kwamba mfupa umevunjika, mfupa wenyewe. Jogoo alimponyoka. Yeye akaanza kulia, anasema amemuua dada yake, anatafuta mlango atoke.

Mama alimshika kwa nguo.

"Kaa," akasema, pumzi ikikatika. "Kilichonivunja ni kikohozi, na hicho hakijawahi kunichekesha. Huu ubavu mwingine ukivunjika leo, ambia watu wa Kabuchai ati walisikia vizuri."

Wakaanza tena kucheka, wote wawili, mmoja analia na kucheka kwa pamoja. Jogoo alikuwa chini ya meza anadonoa maharagwe. Mimi nilibaki nimekaza ule mto, mbavu za mama zikitikisika chini ya viganja vyangu, nimetega sikio nikiogopa kusikia ile ta.