Povu la Kwenye Kompyuta

Nichekeni tu, hata mimi ningejicheka. Mimi, mtaalamu pekee wa katuni za kompyuta mtaani Arua Hill, nilipewa kazi ya filamu fupi kuhusu kuchemsha maji ya kunywa. Maji yalipaswa kuzunguka sufuriani kama maji halisi. Yangu yalizunguka kama blanketi. Basi, kwa ajili ya sayansi, nilishinda wiki nzima kwa mama mmoja wa kijiji cha Manibe, nikimtazama akikoroga kwete, ile pombe ya mahindi, na kuchora kila mzunguko. Kuonja kulikuwa sehemu ya utafiti. Kompyuta ikapiga hesabu za picha kwa siku nne, ikatoa mzunguko wa ajabu, povu likifuata mwiko.

Tulionyesha filamu kwetu Koboko. Baba yangu, mwadhini wa msikiti, aliketi mstari wa mbele, akijivunia mwanawe. Ukumbi mzima ulikodolea povu macho; kichwa changu kikavimba kwa sifa.

Mama mmoja akasimama. "Kijana, hii hapana maji. Hii iko kwete ya siku mbili."

"Siku tatu, mama!" nikamsahihisha kitaalamu.

Baba akageuka polepole. "Wewe ulijua namna gani?"