Aliyemwita Kipa Chujio

Jukwaa la uwanja wa mpira wa magongo lilikuwa na ngazi sita za saruji, na ngazi ya nne, upande wa kivuli, ilikuwa ya wale wasiokosa. Hapo ndipo Mama Beki alipokaa kila Jumamosi mchana, kanga imekunjwa chini yake, mkoba umebanwa mapajani. Binti yake alicheza beki wa kulia katika timu ya wasichana, na kwa sababu hiyo jina jingine la mama huyo lilikuwa limekwisha kusahaulika pale uwanjani. Siku za kazi alikuwa dobi wa hoteli: mashuka, taulo, vitambaa vya meza. Na kwa kuwa mkono wake ulijulikana, timu nayo ilimpa begi la jezi kila baada ya mechi. Alizifua kwa mapenzi tu. Ndiye aliyezifanya zing'ae, na alipenda watu wakilisema hilo.

Mwaka ule timu ilianza kwa kishindo. Mechi tano, mabao mawili tu yaliyoingia golini mwao. Kipa alikuwa msichana mrefu, mpole, asiyeongea sana, na mashabiki walimwita Ukuta. Halafu mambo yakaenda mrama. Walifungwa, wakafungwa tena, na Jumamosi hii walikuwa wamefungwa mechi ya nne mfululizo. Wachezaji walitoka uwanjani vichwa chini, lakini hakuna mtu wa ngazi ya nne aliyeinuka kwenda kwake.

"Kocha," alisema Fundi Viatu. Alikuwa na kibanda nyuma ya uwanja na kila neno lake lilipita kwenye soli kwanza. "Huyu kocha anabadilisha kikosi kama mteja anayejaribu viatu. Anavaa vyote, anatembea navyo dukani, hanunui hata kimoja."

"Kocha hajashika gongo, bwana. Wa mbele ndio hawafungi," alidakia dada mmoja muuza magazeti.

"Ngojeni, mimi nimeandika." Huyo alikuwa Takwimu, karani wa ghala, mtu asiyetembea bila daftari. Alilamba kidole, akafunua kurasa. "Mechi nne, mabao kumi na moja. Tisa kati ya hayo ni ya mpira wa pili. Mnanielewa? Shuti la kwanza kipa anazuia. Lakini mpira unaanguka papo hapo miguuni pake, adui anaupiga tena, goli. Zamani mpira ukigonga pedi za mguuni unaruka hadi pembeni huko. Siku hizi unatua kama gunia."

Mama Beki alitazama vidole vyake.

Yeye alijua kwa nini mpira ulitua kama gunia. Kabla ya kipigo cha kwanza kulikuwa na wiki nzima ya mvua, na zile pedi nene za kipa, zilizotengenezwa kwa sponji gumu, zilikuwa zimelowa na kunuka jasho la mwezi mzima. Kipa alikuwa amemkabidhi pedi hizo kwa mikono miwili.

"Mama, hizi uzipanguse tu kwa kitambaa. Kisha kivulini. Zisione moto."

"Mwanangu," alimjibu, "mimi nimeanza kufua kabla hujazaliwa."

Siku nne zilipita, pedi hazikukauka. Ijumaa, mechi ikiwa kesho yake, alizipeleka kazini na kuzitia kwenye mashine kubwa ya kukaushia taulo. Dakika kumi tu, alijiambia. Msimamizi akamwita juu kuhusu doa la kitambaa cha meza, maneno yakawa mengi, na aliporudi zilikuwa zimepita dakika arobaini. Alifungua mlango wa mashine, roho ikamruka. Pedi zilikuwa zimejikunja kama soli iliyosahauliwa juani.

Alizilaza chini ya meza ya kupigia pasi na kuzipangia mafurushi ya mashuka juu yake hadi jioni. Zikanyooka. Kwa macho hazikuwa na tatizo lolote. Lakini alipobonyeza kwa kidole gumba, shimo lilibaki pale pale. Zamani sponji lilikisukuma kidole. Akabonyeza mahali pengine, na pengine. Kisha akafunga zipu ya begi.

"Zinanukia, mama," kipa alimwambia kesho yake. "Ahsante sana."

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema, lakini alicheka tu na kumrekebishia kola.

Na kama ingeishia hapo, labda angeweza kulala. Lakini baada ya kipigo cha pili Takwimu alikuwa amekuna kichwa na kuuliza, pale pale kwenye ngazi ya nne, kama pengine kuna kitu kimeharibika kwenye vifaa vya kipa. Mama Beki alisikia moto wa ile mashine ukimpanda usoni. Kabla hajafikiri, mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka.

"Vifaa vina kosa gani? Semeni ukweli, jamani. Ukuta wenu siku hizi ni chujio."

Watu walivunjika mbavu. Fundi Viatu alimpigapiga begani. Hakuna aliyeuliza tena habari za vifaa. Mechi iliyofuata jina lilikuwa limeshuka ngazi zote sita, na ya baada yake mashabiki wa timu pinzani waliliimba kwa kupokezana, upande mmoja ukisema "Chu," mwingine ukimalizia "jio," huku msichana amesimama golini na helmeti yake, hana pa kwenda.

Sasa Takwimu alichana ukurasa katikati ya daftari. "Tumwandikie kocha. Sisi mashabiki, tulioorodheshwa hapa chini, tunaomba kipa abadilishwe. Jumatano mazoezini atupe jibu."

Karatasi ilianza safari ya mkono kwa mkono. Ilipomfikia, Mama Beki aliishika kama kitu cha moto.

"Sikuja na miwani," alisema.

"Miwani?" Fundi Viatu alimtazama. "Mama Beki, tangu lini una miwani? Juzi umeona kosa la refa tokea huku."

"Au unamwonea huruma Chujio?" alisema muuza magazeti. "Jina si ulilitoa wewe mwenyewe?"

Wote walikuwa wakimtazama, wanatabasamu. Aliacha shule mapema na kuandika kulimchukua muda. Siku zote alijisikia haya kuandika mbele za watu. Akainama, akaandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, hadi jina likatimia. Lilikuwa la sita kwenye orodha.

Nyumbani binti yake alikuwa ameketi kizingitini anabandua tope kwenye viatu kwa kijiko kibovu.

"Chujio amejifungia bafuni leo," alisema bila kuinua uso. "Tumemsikia analia. Anasema akitolewa golini anaacha kabisa, hachezi tena."

"Usimwite hivyo."

Binti alisimamisha kijiko. "Mama. Wewe ndiye uliyeanza."

"Anajua? Kwamba ni mimi?"

"Sijamwambia. Nimwambie nini? Kwamba mama yangu ndiye anayekufulia, na ndiye anayekucheka?" Akarudia kukwangua tope. "Naona aibu hata kukaa naye."

Mama Beki aliingia jikoni, akawasha jiko, akalizima. Alijaribu maneno ya kusema na kila alipoyapanga yalitoka na utetezi ndani yake: mvua, msimamizi, doa. Siku tatu alizipitisha hivyo. Kazini alikunja mashuka upande usio sahihi, na kila alipopita karibu na ile mashine aligeuza shingo.

Jumatano aliomba ruhusa ya kutoka kazini kwa saa mbili. Alifika uwanjani, akakuta watu wa ngazi ya nne wameshajikusanya kando ya mstari. Takwimu alikuwa ameshakabidhi barua, na kocha, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, alikuwa ameikunjua anasoma majina. Kipa alikaa chini karibu na goli, anafunga mikanda ya pedi. Aliona karatasi. Alijua ni nini.

"Kocha, naomba kusema," Mama Beki alisema. "Futa jina langu kwanza. Halafu barua yenyewe uitupe. Pedi ni mimi nimeziharibu."

"Umeziharibu vipi, mama?"

"Nilizitia kwenye mashine ya moto. Aliniambia nisizitie. Nikazitia, zikajikunja, nikazinyoosha, nikanyamaza." Aliona kwamba amesema yote bila kutaja mvua, na akashangaa jinsi yalivyokuwa machache.

Kocha alimwomba kipa avue pedi moja, akaibonyeza, akatazama shimo likibaki. Kisha akailaza chini na kudondosha mpira juu yake kutoka usawa wa kifua. Mpira ulitua, ukatulia. Akaagiza pedi kuukuu za mazoezi kutoka stoo, zilizochanika pembeni, akadondosha tena. Mpira uliruka hadi gotini.

"Niliandika mimi," Takwimu alisema taratibu. "Tisa kati ya kumi na moja."

"Hukuandika pedi, uliandika kipa," alisema Fundi Viatu.

"Na wewe ulisema kocha."

"Nilisema kama mfano."

Wakaanza upya, nani alisema nini siku gani, kana kwamba barua haikuwa na majina yao. Hakuna hata mmoja aliyemkemea Mama Beki. Muuza magazeti alimwambia, "Yanatokea, dada, usijali," na hilo lilimchoma kuliko tusi.

Kipa alikuwa bado ameketi, mguu mmoja una pedi, mwingine hauna.

"Mechi nne nilidhani ni miguu yangu," alisema. "Nilikuwa naamka alfajiri kukimbia, nikidhani nimekuwa mzito."

"Nisamehe, mwanangu."

"Pedi ningekusamehe siku ile ile. Ningeazima nyingine." Alifungua mkanda wa pili. "Na lile jina, mama? Wanasema lilianzia pale mnapokaa."

Mama Beki alimtafuta binti yake kwa macho. Alikuwa amesimama na gongo lake katikati ya uwanja, anasikiliza.

"Lilianzia kwangu," alisema. "Waliuliza kuhusu vifaa. Niliogopa."

Kipa alimtazama, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma tangazo ukutani lisilomhusu. Kisha akachukua pedi kuukuu, akazivaa, akaenda golini.

Jumamosi alicheza na hizo. Walitoka sare, bao moja kwa moja, na mara tatu mpira uliogonga miguu yake uliruka hadi nje ya mstari. Mama Beki hakukaa ngazi ya nne. Alikaa ya kwanza, juani, peke yake. Nyuma yake mtu alipiga kelele "Safi, Chujio," kwa furaha kabisa, na watu wakashangilia. Jina lilikuwa limeshawakaa midomoni. Hawakuwa na nia ya kulirudisha.

Baada ya mechi walimletea begi la jezi kama kawaida. Glovu na soksi za kipa hazikuwamo. Alimwona msichana anaondoka na mfuko wake begani kuelekea getini, na akainuka amwite, walau amsalimu. Alifungua mdomo. Jina la Ukuta yeye hakustahili tena kulitamka, na lile jingine asingeweza. Msimu mzima alikuwa amefua nguo za mtoto huyu.

Akamgeukia binti yake. "Mwenzako jina lake hasa nani?"

Binti alimwambia. Mama Beki alilirudia kwa sauti ya chini, mara mbili, ili asilikosee. Lakini msichana alikuwa ameshatoka getini.