Nyapara na Sinia ya Maharagwe

Mjomba wangu aliporudi nyumbani kwetu Kaloleni, Nairobi, alikuja na mfuko wenye mashati mawili, karatasi yenye mhuri, na sauti. Karatasi ilikuwa ya ruhusa ya kukaa nyumbani miezi mitatu. Sauti alikuwa nayo tangu siku alizofanya kazi kiwandani Baba Dogo, ilipomwambia kwamba mwenzake wa mashine ya pili anamtilia sumu kwenye uji. Alimpiga mwenzake huyo kwa chuma. Yule mtu alipona, ingawa mkono wake wa kulia haukurudi kuwa mkono wa kazi. Mahakama ilisema mjomba alikuwa mgonjwa, ikampeleka katika wodi ya hospitali yenye ukuta mrefu na askari mlangoni. Akakaa humo miaka sita.

Ikiwa leo nina mjomba wa kumkumbuka akicheka, namshukuru kwanza muuguzi mmoja wa wodi ile. Wote walimwita Sista, nasi tukamwita hivyo.

Siku tuliyokwenda kumchukua, Sista alituketisha mimi na mama kwenye benchi, akampa mjomba sinia ya maharagwe makavu ya kuchambua.

"Anachomwa sindano kila mwezi, hiyo msiikose hata siku moja," alisema. "Lakini sindano haijamaliza sauti yote. Iliyobaki tumejifunza kukaa nayo."

Alikuwa amejifunza njia hiyo kwa daktari aliyerudi kutoka masomoni, akaifundisha kwa alichokipata jikoni. Chukua punje moja. Itazame rangi yake, isikie ilivyo laini kidoleni. Akili ikitoroka, usiigombeze. Ona imekwenda wapi, kisha rudi kwenye punje. Sauti ikija, itaje kwa kinywa. Usibishane nayo, usiitii. Mjomba alikuwa ameibatiza Nyapara, kwa kuwa ilisema naye kama msimamizi wa kiwanda, amri juu ya amri.

"Nyapara ameingia," alisema pale pale, akatabasamu kwa aibu.

"Anasema nini?" Sista aliuliza, kama mtu anayeulizia mvua.

"Ati hawa wawili wamekuja kunicheka."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nachambua maharagwe."

Nilicheka. Mama hakucheka. Alikuwa anaisoma karatasi kwa mara ya tatu, kidole chake chini ya mstari uliosema familia itoe taarifa dalili za ugonjwa zikirudi.

Jioni hiyo mama alinivuta nje hadi kwenye mfereji wa maji. "Katika nyumba yangu hakuna nyapara. Majirani wakisikia watapeleka maneno, na ndugu yangu arudishwe ndani. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na mama akienda kwenye kibanda chake cha mboga sokoni Jericho, mimi ndiye niliyebaki na mjomba. Kwa hiyo mama alitoa amri, lakini aliyeitekeleza ni mimi. Mara ya kwanza mjomba aliposema Nyapara ameingia, nilimshika mkono. "Mjomba, usiseme hivyo, tafadhali. Watakurudisha." Kisha nikawasha redio, nikaipandisha hadi mwisho, nikidhani kelele itaizidi kelele.

Mjomba alipoinyooshea mkono sinia ya maharagwe yetu, mama alimpokonya kwa upole. "Pumzika, ndugu yangu. Umetoka mbali." Kwetu, mtu aliyetoka mbali huketishwa kiti kizuri, huchinjiwa kuku, hagusi kazi. Basi tulimketisha. Tulimheshimu mpaka akabaki hana la kushika.

Jirani yetu, mama mmoja wa Pwani mwenye ulimi mwepesi, alisimama mlangoni. "Jamani, hiyo redio! Nimezima yangu na bado nasikia taarifa. Mwataka wasikie mpaka Jericho?"

"Mjomba anapenda muziki," nilisema.

"Anapenda? Mbona amekaa kama mtu anayengoja kung'olewa jino?"

Katika mwezi wa pili alianza kunusa vikombe. Midomo yake ikawa inachezacheza bila sauti. Asubuhi moja nilimwekea uji, akautazama muda mrefu.

"Nani amepika?"

"Mimi, mjomba."

Aliuweka sakafuni, akausukuma mbali kwa mguu. Nilijua habari ya uji. Nilisimama pale na kijiko mkononi, na sikumwambia mama.

Kesho yake Sista alikuja kututembelea, aandike kama mjomba ataendelea kukaa kwetu au atarudi nyuma ya ukuta. Mama alifunga kibanda mapema, akavaa nguo ya kanisani.

"Tangu aje, Sista, hajasikia kitu. Tunamshukuru Mungu."

Sista alimtazama mjomba, jasho likimtiririka shingoni, kisha akaitazama redio. "Naomba tuizime."

Nikaizima. Nilisikia mfereji ukitiririka nje.

"Baba, Nyapara yuko wapi leo?"

Mjomba alimtazama mama, kisha akanitazama mimi, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Nikaona nikinyamaza, atabaki kwetu, na hofu ya ule uji itabaki naye. Nikisema, huenda nikamfungia mlango kwa mkono wangu.

"Yupo, Sista," nilisema. "Mimi ndiye niliyemkataza kumtaja. Jana alikataa uji wangu."

"Wewe!" Mama alisimama. "Umemfunga mjomba wako!"

Sista hakuandika kitu. "Mama, kuna maharagwe?"

Mama aliyaleta mwenyewe, yale ya chakula cha jioni. Sista aliiweka sinia kwenye magoti ya mjomba, akangoja. Mjomba alishika punje moja. Akaigeuza. Akashika nyingine.

"Nyapara ameingia," alisema hatimaye. "Wiki tano sasa hajatoka. Anasema mtoto huyu ametia kitu kwenye uji." Alinitazama, na macho yake yalikuwa yamechoka sana. "Sitaki kumwamini. Lakini nimekaa naye peke yangu, dada. Peke yangu ndani ya redio."

Mama aliketi chini, akafunika uso kwa leso.

"Ndugu yako akisema, najua yuko wapi," Sista alimwambia. "Akinyamaza, sijui. Kesho mleteni kwa daktari aiangalie sindano. Ijumaa nitarudi. Nikikuta anakula chakula chenu, atakaa. Nikikuta bado anakikataa, naondoka naye. Sitawadanganya."

Alipoondoka, mama alibaki sakafuni. Kisha akaisogelea ile sinia kutoka upande wa pili, akaanza kuchambua. Nami nikasogea. Tulichambua watu watatu, vichwa karibu kugusana.

"Nyapara ameingia," mjomba alisema.

"Mwambie atafute pa kukaa," mama alisema. "Lakini hapa kila mtu anachambua."

Mjomba alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu nikiwa shule ya msingi.

Alhamisi daktari aliongeza dawa, na Ijumaa asubuhi tulipika uji pamoja. Mjomba alikoroga. Kila mara alisema anachokiona: povu, mvuke, mwiko, mkono wangu. Nilimimina vikombe viwili. Alikishika chake kwa viganja vyote viwili. "Nyapara anapiga kelele," alisema, kwa utulivu, kama anayenieleza hali ya jikoni. Kisha akanywa. Akanywa tena. Nililia ndani ya kikombe changu.

Mchana Sista alimkuta kizingitini, sinia magotini, kikombe kitupu kando yake. Jirani yetu naye alikuwa amekuja kuchungulia.

"Leo kimya, mbona? Redio imeharibika?"

"Nyapara alikuwa hasikiki vizuri," mjomba alimjibu, "tukaizima."

Sista aliandika kwenye karatasi yake akiwa amesimama, akaikunja, akamkabidhi mama, akaondoka peke yake. Mama hakuisoma. Aliinama juu ya sinia, akaokota kitu kidogo cheusi.

"Hili ni jiwe," alimwambia mdogo wake. "Umeliruka."